Hodi Ndani ya Simai

Alasiri ile haijaisha mpaka sasa. Jua limekaa palepale juu ya ukuta wa jirani, limeuegemea kama mtu aliyechoka kusubiri kukaribishwa, halipandi wala halishuki, na watu wanapita chini yake wakiulizana saa kana kwamba jibu lingewafaa kitu. Mimi siulizi tena. Zamani nilikuwa mtu wa kuuliza kila jambo, nani kaolewa, nani kaachwa, nani kapika nini na kamnyima nani, na chai ilikuwa haijapoa nimeshakusanya majibu ya mtaa mzima. Siku hizi nina swali moja tu, na kila ninayempa analigeuza mkononi kisha ananirudishia: kiumbe hujuaje kwamba hiki ni mimi na kile si mimi? Nani aliyekifundisha? Na huyo mwalimu akinyamaza, mimi nabaki kuwa nani?

Nisije nikakupoteza kabla hatujafahamiana. Jina langu Mwanamvua, kwetu huniita Mvua. Nyumba nitakayokuingiza ni mdogo wangu Simai. Sisemi kwa mafumbo. Niliingia ndani ya Simai kwa miguu yangu, nikatembea kwenye korido zake, nikazungumza na watu wake, na neno nililolisema humo ndilo lililomfanya awe hivi alivyo.

Simai alikuwa fundi rangi, mwenye mkono uliotulia hata watu wakamwita kuwachorea mistari ya milango bila rula wala kamba. Siku moja brashi ilimponyoka. Akaiokota, ikamponyoka tena, akacheka, akasema leo brashi imelewa. Baadaye kikawa kijiko, kisha kifungo cha shati, halafu miguu ikaanza kukanyaga sakafu kama haiamini kwamba sakafu ipo. Tulipomfikisha hospitali alikuwa wa kubebwa. Daktari Thuwaiba, binti mdogo mwenye macho ya mtu anayelala kwa kuibia, alituita mimi na Mama pembeni akatueleza kwamba kinga ya mwili wa Simai imemgeukia mwenyewe. Askari waliowekwa kulinda nyumba wanawapiga wenye nyumba, na waliowaanza ni mishipa ya fahamu, wale wapeleka habari. Wakifika kwenye pumzi, alisema, basi.

Akasema kuna jeni moja. Nilimwambia sijui jeni ni kitu gani, naye hakunicheka. Alisema ni fundisho ambalo mwili hulirithi ukiwa bado tone, na hili ni la zamani mno. Limo kwa panya, limo kwa samaki, limo kwa yule nzi aliyekuwa akitembea juu ya papai la mgonjwa wa kitanda cha pili, limo kwa mnyoo ambaye hata macho hana. Vizazi vimebadilisha mikia na mabawa na ngozi, lenyewe havikuligusa. Kwenye mishipa ya fahamu linamfundisha jirani namna ya kumpasha habari jirani. Kwa askari linafundisha namna ya kumjua mwenyeji na mgeni. Kazi mbili, fundisho moja. Na ipo dawa ya kulinyamazisha. Askari watatulia.

"Na wapeleka habari?" nikamuuliza.

Akatazama viatu vyake. "Hatuna dawa ya kulinyamazisha huku likabaki linasema kule, dada. Nisikudanganye."

Mama alivuta ushungi mpaka puani. "Muulizeni Mvua," akasema. "Yeye ndiye mwenye maneno."

*

Lazima ujue tulikokulia. Mlango wetu haukuwa na komeo. Lilikatika nikiwa sijaota meno na hakuna aliyeona sababu ya kulitengeneza, kwa sababu muda wote kulikuwa na mtu anaingia. Kwetu walikula waliokuja kuazima chumvi, walilala waliokuja kula, na wapo waliokuja kulala wakaishia kuzikwa, sisi tukipokea mikono ya pole. Hata hivyo hakuna aliyeingia bila hodi. Mlango uwe wazi mpaka unaona jungu jikoni, utasimama kizingitini upige hodi. Ya kwanza, mwenyeji anajifunga kanga vizuri. Ya pili, anaondoa vyombo njiani, anamkanya mtoto asitoke uchi. Ya tatu, ama unaitikiwa karibu, ama unageuka unakwenda zako. Na ukienda hununi, kwa kuwa aliye ndani akinyamaza ana yake. Hodi ya nne hakuna. Anayepiga ya nne huyo ni mdai au mwendawazimu.

Tukiwa wadogo, mimi na Simai tulikuwa na mchezo. Analala chali, anajifunika kanga ya Mama gubigubi, halafu mimi nambishia kifuani kwa kidole: hodi. Anajibu kutoka ndani, kwa sauti nzito ya mzee asiyependa watu: karibu, lakini chakula kimekwisha. Basi tunacheka mpaka tunagombezwa. Tulilirudia neno hilo maisha yetu yote. Tuliliambizana hata siku ya harusi yangu, mbele ya watu wazima, yeye ndani ya kanzu yake mpya.

Alasiri ile, daktari akisubiri kauli yangu, nilirudi kitandani kwa Simai. Alikuwa amefumba macho. Nikaweka kidole kifuani pake, nikabisha, nikasema hodi.

"Karibu," alisema, taratibu, midomo ikisogea upande mmoja tu. "Lakini chakula kimekwisha."

Kifua kikafunguka, nikaingia.

*

Ndani kulikuwa na korido ndefu ya rangi ya ndani ya shavu, yenye joto na unyevu, na harufu ya kwapa la Simai akitoka kazini, kwa hiyo sikuwa na shaka nimo kwa nani. Milango ilikuwa mingi isiyo na mwisho. Mlango na mlango haikugusana. Kila mahali palikuwa na upenyo wa upana wa ukucha, na katika kila upenyo amesimama mtu ametega sikio. Huyu anampigia hodi yule, yule anaitika karibu, huyu anamwaga habari, yule anageuka anampigia hodi wa mbele yake. Habari zenyewe! Kidole gumba kimegusa shuka. Nzi katua shavuni. Kuna mtu kaingia chumbani ananukia karafuu, pengine ni Dada Mvua. Zilipita mbio hata aliyezisema alikuwa bado hajafunga mdomo nazo zimeshafika kichwani.

Nikajiona nimefika kwetu. Nilidhani mwili ni nyama na damu, kumbe ni mtaa wa wambea. Hakuna anayeishi humo isipokuwa kwa kupashwa. Mguu haujui kwamba ni mguu mpaka usikie umesemwa. Nikakaa kizingitini kwa mmoja wao, nikatega sikio na mimi, nikafurahi kidogo, Mungu anisamehe, katikati ya msiba wangu.

Halafu nikapinda kona.

Huko milango ilikuwa imevunjwa. Wapeleka habari walilala mmoja juu ya mwenzake, midomo wazi, na habari zao bado zimekaa juu ya ndimi, hazina pa kwenda. Niliinama nikasoma moja kwenye mdomo wa kijana: *brashi, shika brashi*. Nyingine ilisema sakafu ni ya baridi. Nyingine ilianza na jina langu ikakatika. Mtu akifa na habari mdomoni, ile habari hufa lini? Iko wapi sasa ile baridi ya sakafu? Ilitokea, mguu uliigusa, lakini haikufika. Basi ilitokea kwa nani?

*

Walinzi walinizunguka kabla sijainuka. Walikuwa warefu, wamevaa nyeupe, sura moja wote, na mikononi wana marungu yaliyolowa. Mkubwa wao alijitaja kuwa Ngwali. Akaniuliza mimi nani, nikasema dada yake. Dada yake nani, nikasema dada yake hii nyumba. Akaniambia nipige hodi.

Nikapiga. Alifumba macho akaisikiliza kama mpishi anayeonja chumvi.

"Nzuri," alisema. "Nzuri mno. Ndiyo maana inanitia wasiwasi."

Nilimwambia sijaona popote mtu akituhumiwa kwa kusema vizuri. Hakuudhika. Akakaa chini, rungu mapajani, akanieleza kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha. Alisema msimu wa mvua waliingia watu wa homa. Walisimama mlangoni wakapiga hodi ya nyumba hii, kwa lafudhi ya nyumba hii, na ule mkwaruzo wa sauti unaoimalizia hodi ya hapa, vilevile. Walifunguliwa. Wakawala watu wa chumba cha koo. Walinzi waliwaua wote, mmoja mmoja, lakini sauti yao ikabaki masikioni.

"Na haina tofauti na ya mama yangu," alisema Ngwali. "Mtu akipiga hodi vibaya, najua ni mgeni, nampiga. Akipiga vizuri, nawakumbuka wale."

"Sasa nani anapona, baba?"

"Asiyesema."

Nilimtazama usoni nikitafuta uovu nipate kumchukia. Sikuuona. Alikuwa kijana wa nyumba ile, aliyezaliwa humo kwenye uboho wa mfupa wa paja la Simai, hajawahi kwenda pengine, na alikuwa anaua kwa mapenzi. Nimefikiri sana juu yake tangu hapo. Tunadhani mtawala mbaya ni yule asiyewapenda watu wake. Ngwali aliwapenda mpaka akaanza kuisikia hatari katika sauti zao, na kadiri walivyofanana naye ndivyo alivyowaogopa, kwa sababu mgeni hujulikana kwa ugeni wake, ila mwenzako utamjua kwa lipi? Ushahidi wote alionao mtu kwamba ni wa nyumbani ni kusema kama watu wa nyumbani. Ukishaushuku ushahidi huo, nyumba nzima imekwisha. Kilichobaki ni kuchagua uanzie chumba gani.

Akaniacha nipite. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu nilikuwa nimeshanyamaza.

*

Nilikuwa namtafuta mwenye hodi, aliyewafundisha wote hawa. Mpeleka habari mmoja, mzee asiye na mkono, alinionyesha ngazi kwa kidevu.

Ngazi zilishuka chini ya Simai. Kila ngazi niliyoikanyaga nilipungua. Nikapita umri wa harusi yangu, nikapita umri wa mchezo wetu wa kanga, nikapita meno. Jina langu lilinidondoka njiani nikasikia likigonga chini, *Mvua*, sikurudi kuliokota. Kulikuwa na nyumba nyingine chini ya nyumba, ya watu wenye manyoya, na kwenye korido zake walikuwa wanapigiana hodi. Chini yake nyumba ya maji, maji yakanifika shingoni, nami nikawa sina shingo, na samaki walipigiana hodi. Chini yake nyumba ndogo ya mabawa, inatetemeka, yenye vyumba elfu vya macho, na humo pia, hodi. Na chini kabisa nyumba laini isiyo na dirisha wala taa, korido moja tu kutoka kinywani hadi mkiani, na ndani yake giza linaliambia giza hodi, kwa sauti ileile, kwa mkwaruzo uleule wa mwisho.

Hapo niliona haya. Maisha yangu yote nilidhani hodi ni yetu, ya mtaa wetu, ya nyumba isiyo komeo. Nilikuwa nikiwacheka watu wa mji wanaogonga tu bila kusema. Kumbe yule mnyoo aliyekatwa na jembe langu uani alikuwa anaijua kabla yangu, na mimi niliipokea kutoka kwake kwa mikono mingi, kama sahani inayopitishwa kwenye shughuli mpaka imfikie aliyekaa mwisho. Nani ni mwenye sahani? Aliyekaa mwisho hadhani hata kuuliza. Anakula.

Huko chini kabisa nilimkuta amekaa. Hakuwa mzee, hakuwa kijana. Sura yake ilipita kama kivuli cha watu njiani, mara ngumu, mara ya magamba, lakini mdomo haukubadilika. Alikuwa na mwanya wa mbele, mwanya wangu, ndio huo alionao Mama, ndio alionao Simai. Amezungukwa na watoto wachanga wasio na idadi, uchi, wanafanana kama punje za mchele, naye anamwinua mmoja, anamnong'oneza sikioni, anamweka chini, anamwinua mwingine.

"Karibu, shoga," alisema. "Umechelewa au umewahi, sijui. Huku hatuna hivyo."

Nilimweleza kisa chote, bila haya, kama ninavyoelezana na wenzangu kisimani. Nikamwambia kuhusu brashi, na Ngwali, na habari zilizokaa juu ya ndimi. Nikamwambia Simai hana mke bado. Nikamwambia Mama hali chakula. Alinisikiliza vizuri huku anaendelea na kazi yake, na alipokuwa akitikisa kichwa nilidhani ananihurumia.

"Nikuombe kitu kidogo," nilisema. "Wafundishe wapeleka habari. Walinzi waache. Wasiijue tena hiyo hodi, wasimsikilize mtu, wakae tu."

Akaninyooshea watoto wawili, mmoja kila mkono. "Nionyeshe yupi ni mlinzi."

Nikawatazama. Nikawapindua, nikawanusa, nikawatazama tena. Hawakuwa na alama. Kila mmoja alinishika kidole kwa nguvu ileile.

"Wanakuja kwangu hivi," alisema. "Mimi siulizi nani atakuwa nani. Namwambia neno moja, anaondoka nalo. Huyu atalitumia kumwita ndugu, huyu kumkamata mwizi. Mpaka wajue wao ni nani, wameshaniacha zamani."

"Basi huna unalolijua."

"Nalijua hilo moja."

"Na wewe ndiye mwenye hodi, au hodi ndiyo yenye wewe?"

Alicheka kwa mwanya wangu. Akasema swali hilo aliwahi kuulizwa na samaki.

Nilikasirika. Nilikasirika kama mtu anavyoikasirikia mvua. Nikamwambia askari wanapanda kuelekea kifuani, na wakifika pumzi itakatika, na hana haki ya kukaa hapa anawanong'oneza watoto kama hakuna linalotokea juu. Nikamwambia ni mdogo wangu.

"Ni mdogo wako," alisema. "Mimi ninao wengi. Ukitaka ninyamaze humu, nitanyamaza. Sina ubishi. Aliyenipa kusema hakunipa kubishana. Ila nikinyamaza, nimenyamaza. Usirudi kunililia kwamba hakuna anayekuitikia."

Je, nilijua? Nilijua. Daktari alikuwa ameshaniambia mchana kweupe. Lakini kuna kujua kwa sikio na kuna kujua kwa tumbo, na tumbo langu lilikuwa linahesabu kitu kimoja tu: kifua kile kinapanda, kifua kile kinashuka. Akibaki hai nitamfundisha mengine. Nitamfundisha mimi. Mimi ndiye mwenye maneno.

"Nyamaza," nikasema.

Nikasikia sauti yangu ikisema *nyamaza* kule chini, na sauti yangu nyingine, ukumbini hospitali, ikimwambia Daktari Thuwaiba *mpeni*. Mpaka leo sijui ipi ilitangulia. Juu kulikuwa na dripu inaanza kudondoka. Chini, mtoto aliyekuwa ameinuliwa alishushwa bila kuambiwa kitu.

*

Kimya kilipanda ngazi pamoja nami. Nilipofika juu nimerudishiwa meno, nikaliokota na jina, lakini nyumba ilikuwa si ile. Ngwali amekaa, rungu kalitupa, anaitazama mikono yake. Nilipita mbele yake hakuniuliza chochote. Walinzi wote wamekaa hivyohivyo, vijana wazuri, wamechoka. Hakuna aliyempiga mtu. Wallahi nilimshukuru Mungu kwa sauti. Nilikwenda mpaka kwenye lango kuu, kinywani, nipate hewa.

Nje ya lango kulikuwa na watu wamesimama. Umati, wembamba, wamevaa vizuri, wametulia, macho yao yameelekea ndani. Hawakupiga hodi. Walisimama tu, wakitabasamu, na jua la alasiri liko migongoni mwao.

Na mimi ni mtoto wa nyumba isiyo na komeo. Sijawahi kumwona mtu amesimama mlangoni nikampita. Ulimi wangu ulitangulia akili.

"Karibuni ndani," nikasema. "Mbona mmesimama?"

Wakapita. Walinipita huku na huku kwa adabu, wanaomba radhi kwa kunikanyaga, na walikuwa wengi kuliko nilivyowaona nje. Mwanzoni nilifurahi, nyumba imejaa. Wakaenda moja kwa moja kifuani, wakakaa, wakaanza kula. Hawakula chakula kilichokuwepo. Walikula kuta.

Nikakimbia kwa Ngwali, nikamtikisa bega, nikamwambia wageni wameingia. Akanitazama kwa unyenyekevu. "Mgeni ndiye yupi?" aliniuliza, na alikuwa anataka kweli kujua. Nikawakimbilia wapeleka habari waliobaki, nikasimama upenyoni kwa wa kwanza: hodi, kifua kimevamiwa. Akanitazama mdomo. Nikaenda kwa wa pili. Hodi. Wa tatu. Walikuwa wazima, hawajapigwa, wamesimama mahali pao na masikio yametegwa, lakini habari zilirundikana mbele yao kama nguo za watu ambazo hakuna aliyekuja kuzichukua, *moto*, *maji*, *kiu*, *mama*, na hakuna aliyejua kwamba husemwa. Nilikimbia korido yote nikiibeba habari peke yangu, mlango hadi mlango. Mtu mmoja hawezi kuwa mtaa.

*

Daktari Thuwaiba alisema ni homa ya mapafu. Alisema dawa ilifanya kazi yake, askari wameacha kushambulia, lakini kinga imelala na vidudu vya hewani vimepata njia. Walimpigania Simai kwa dawa nyingine, na sindano, na mashine ya pumzi. Sikumwambia daktari kwamba ni mimi niliyewakaribisha. Angenieleza kwa upole kwamba haiwezekani, nami sikuwa na nguvu za kupokea upole wa mtu mwingine.

Alipona. Neno ndilo hilo, walilitumia wao na sisi tukalitumia. Mashine ilitolewa akapumua mwenyewe. Akafumbua macho. Mama alimwinamia akamwita kwa majina yote, la msikitini, la utani, lile la utotoni ambalo alikataza watu wasilitaje, na Simai alimtazama kama alivyolitazama dirisha lililokuwa nyuma yake. Hakukuwa na chuki wala hofu kwenye macho yale. Mama akanigeukia mimi, kana kwamba nimesahau kumtafsiria.

"Itarudi?" nilimuuliza daktari.

"Sijui, dada."

"Hata kidogo?"

"Sijui." Kisha akanishika mkono, akaniambia mambo ya nyumbani. Simai hana walinzi sasa. Kikohozi cha jirani, mkono wa mtoto, chochote, kinaweza kumuua. Asitembelewe.

Nilimwita fundi akatutengenezea komeo. La chuma, zito, linalia likifungwa. Fundi aliniuliza mara ya pili kama ni nyumba hiyohiyo.

Basi watu wanakuja. Watafanyaje, ndio watu wetu. Wanakuja na uji, na visheti, na umbea mpya ambao ningeupenda, nawasikia wakiuonja wenyewe kwa wenyewe barazani. Wanapiga hodi. Mimi niko nyuma ya mlango, mgongo kwenye komeo, mkono mdomoni. Wanapiga ya pili. Bi Mgeni wa nyumba ya tatu, aliyenilea mgongoni, ana mkwaruzo wa mwisho naujua kuliko wangu, na hodi yake ni nzuri, nzuri mno, nami namsikiliza nikijiuliza amebeba nini kifuani asichokijua. Wanapiga ya tatu. Simwitikii mtu. Viatu vinageuka, vinaondoka, hawanuni. Ngwali, nakuelewa sasa. Na wewe mwenye mwanya wangu uliyekaa chini kabisa, nakuelewa na wewe, maana nami nimejifunza kunyamaza na nyumba nzima imetii.

Mama analala chumba cha mbele akiuangalia ukuta. Simai yuko chumba cha uani, chali, nimemfunika kanga ya Mama mpaka mabegani. Kifua kinapanda, kifua kinashuka. Ndicho nilichokiomba. Kwa dirisha naliona jua la alasiri ile juu ya ukuta wa jirani.

Naweka kidole kifuani pake. Nabisha.

Hodi.

Nasubiri kwa muda wa mtu kujifunga kanga vizuri. Wa mtu mvivu. Wa mtu ambaye kanga yake ameisahau kwa jirani. Nasikia moyo tu, unakwenda na kurudi ndani ya nyumba yake bila kumwambia mtu kitu.

Hodi.

Nampa muda wa kuondoa vyombo njiani. Pengine ni vingi. Pengine yupo huko ndani anavikusanya mikononi, anavidondosha, anacheka, anasema leo vimelewa. Namtazama mdomo, upande ule uliokuwa ukisogea.

Ya tatu ninayo. Iko hapa juu ya ulimi, nzima, na mkwaruzo wake. Nikiipiga na asiitike, itanibidi nigeuke niende zangu, ndivyo tulivyolelewa. Kwa hiyo siipigi. Nimesimama mlangoni pake na mdomo umejaa, na jua halishuki.